Kwa Nini Tarehe 12 Aprili: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo, tarehe 12 Aprili 2025, kikundi chetu kikiwa kimetimiza miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mmezisikia kwa mweka hazina, hatutazirudia. Sisi tutasema habari za tarehe, maana wengi wenu mmetuuliza kwa nini sherehe hii isingojee tarehe 26, Sikukuu ya Muungano, watu wakiwa mapumziko. Mwaka huu tarehe zote mbili zimeangukia Jumamosi, kwa hiyo mapumziko ni yale yale. Lakini hiyo siyo sababu yenyewe.

Tulianza siku ya Jumapili, tarehe 12 Aprili 2015. Hatukuichagua. Pasaka ilikuwa imepita wiki moja, na sisi wa Singida tunaujua mwezi wa nne ulivyo: ghala limefika chini, alizeti bado iko shambani, na kuku wa kuuza wamekwishauzwa kabla ya sikukuu. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa, na katika nyumba zetu zote haikupatikana hata moja yenye nauli ya kumkopesha. Tukakusanyika akina mama 18, tukachanga mia tano mia tano, wengine mia mbili. Mtoto alipona, yule pale anapanga viti. Jioni ile ile tukasema jamani, hili la kuzunguka mlango kwa mlango liishe, na aliyejua kuandika vizuri akaandika tarehe kwenye daftari la shule la mwanawe.

Aliposoma ile tarehe kwa sauti, mama mmoja mtu mzima akasema, "Kumbe ni siku ya Sokoine."

Tukanyamaza. Wengi wetu wenye umri wa miaka hamsini na kitu tuliikumbuka. Tarehe 12 Aprili 1984 ilikuwa Alhamisi, baadhi yetu tukiwa darasa la saba. Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa gari, akafa kwa ajali pale Dakawa, Morogoro. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa redioni. Redio zilikuwa chache, tulijazana uani kwa jirani, na tuliona wanaume wakilia, jambo ambalo hatukuwa tumeliona hata msibani. Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, nguo ya foleni, na Sokoine ndiye aliyekuwa ameanza mwaka 1983 kupambana na walanguzi na wahujumu uchumi. Sisi watoto tulidhani sasa sabuni haitakuja tena.

Hapa tuseme kweli, hatukukubaliana wote. Mwenzetu mmoja alisema yeye siku ile hakulia, maana msako ulipopita baba yake alikuwa na kiduka na vitu vikabebwa. Hatukumnyamazisha. Tangu hapo tumekuwa na desturi: sikukuu ya taifa ikikaribia na siku yetu ya kununua hisa, kabla washika funguo watatu hawajafungua sanduku, aliyekuwapo anasimulia alichokiona yeye. Tarehe 14 Oktoba tunasema tulikuwa wapi mwaka 1999 Mwalimu alipofariki kule London. Tarehe 7 Aprili ya Mzee Karume, aliyeuawa mwaka 1972, wanasimulia wakubwa zetu. Ya tarehe 9 Desemba 1961 imekuwa shida, maana waliokuwa na akili siku ile ya Uhuru tumebaki nao wawili tu, na mmoja anachokumbuka zaidi ni nyama.

Ipo na tarehe ambayo watu hawaitangazi. Mei Mosi kila mtu anaijua kuwa ni ya wafanyakazi. Sisi hatuna mwajiri, tulikuwa tunaipita tu. Mwaka 2018 mwenzetu alifiwa na mumewe, na arobaini haijafika shemeji zake wakaja kupima shamba la alizeti. Wakasema mila ndivyo ilivyo. Yeye alikuwa tayari kurudi kwao na watoto wanne. Ndipo binti wa mmoja wetu, aliyesoma, akatuambia kuwa iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Miaka 17 sheria ipo na sisi hatuna habari! Tukamsindikiza mpaka baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa sheria hiyo hiyo lina watu saba na wanawake wasipungue watatu. Ilichukua miezi, na nauli ilitoka mfuko wa jamii. Shamba analo mpaka leo. Kila Mei Mosi tunashinda shambani kwake. Tukikuta la kuvuna tunavuna, tusipolikuta tunakula na kurudi.

Sasa liko ambalo limetushinda. Wazee wetu wa Kinyaturu husimulia habari za Liti, mwanamke wa huku kwetu aliyewapinga Wajerumani, na nyuki wakawa silaha yake. Uwanja wa mpira pale mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Watoto wetu wanalitaja jina hilo kila timu inapocheza, lakini ukiwauliza Liti ni nani, wanakujibu ni uwanja. Katika kalenda hana siku. Tulikuwa na bibi mmoja hapa kijijini aliyeisikia habari yake kwa mama yake mzazi. Mwaka juzi alituahidi kutusimulia yote. Tukamwambia, bibi, ngoja tumalize kuvuna. Akafariki kabla hatujapura.

Kwa hiyo kikao kimepitisha kwamba kuanzia leo tarehe 12 Aprili kwetu iwe pia siku ya kusimulia habari za Liti, hata kama tunachojua ni kidogo. Katibu ameweka daftari jipya pale mezani, karibu na sufuria ya chai. Mwenye mama, bibi au babu nyumbani anayejua habari hizo asiondoke kabla hajaandika jina lake na kitongoji. Asiyejua kuandika amwambie katibu, na tutakuja wenyewe na daftari, hata kama ni msimu wa kuvuna.

Karibuni chakula.