Mionzi na Ulaini wa Papai

Papai la Hawaii halivuki kwenda majimbo ya bara ya Marekani kabla ya kuhakikishwa kwamba halitabeba inzi wa matunda, na tangu dawa ya kufukizia iliyotegemewa zamani, ethilini dibromidi, ipigwe marufuku mwaka 1984, wakulima wamebaki na joto au mionzi. Joto huua funza, lakini likizidi huliacha papai na madonge magumu yasiyoiva. Si ajabu, basi, kwamba mwaka 2000 kituo cha eksirei kilianza kazi katika kisiwa kikubwa cha Hawaii.

Mionzi nayo ina kasoro iliyo kinyume cha hiyo, yaani kulegeza. Seli za tunda hushikamanishwa na pektini, ile gundi ya asili inayogandisha jemu, ambayo minyororo yake mirefu hukatwakatwa na miale yenyewe na pia na chembe kali zinazozalika miale inapoyavunja maji ya ndani ya tunda. Utando unaozunguka kila seli nao huanza kuvuja, na mboga kama karoti, ikipungukiwa na msukumo wa maji hayo, hupinda badala ya kuvunjika kwa mlio. (Tunda lenyewe halibaki na mionzi, kama vile sanduku lililopitishwa kwenye mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege lisivyobaki nayo.)

Kinachoamua ni kipimo. Marekani hukubali grei 150 dhidi ya inzi wa matunda, grei moja ikiwa juli moja ya nishati iliyofyonzwa na kilo moja ya chakula, na papai huvumilia kiasi hicho bila kulegea. Tena, likipigwa mionzi likiwa limeanza tu kushika manjano, kulainika kwake huweza hata kuchelewa. Parachichi halina uvumilivu huo.

Ugumu halisi, ambao hauzungumzwi vya kutosha, uko katika upangaji wa mzigo: kiwango cha sheria lazima kilifikie tunda lililojificha katikati, na ili kifike huko, matunda ya pembeni hupokea zaidi, pengine maradufu, hivyo hayo ndiyo hutangulia kutepeta. Ndiyo maana mitambo mingi huupitisha mzigo mbele ya miale, kisha huugeuza na kuupitisha tena kwa upande wa pili.