Wazee Wetu wa Vita Waulizwe, Watibiwe

Salamu ziwafikie wa Nyandira na Tchenzema, wa Langali, Kikeo na Bunduki, nanyi wa Mlali mnaopakia kabichi na karoti saa hizi. Leo nazungumzia wazee wetu waliokwenda vitani, na ugonjwa unaobaki ndani ya mtu baada ya bunduki kunyamaza. Wataalamu wanauita msongo wa baada ya kiwewe. Nitangulize ninachokitaka: ugonjwa huu unatambulika, unatibika, tiba yake imekwisha kupimwa hapa hapa Afrika Mashariki, na haidai hospitali kubwa. Kwa hiyo mzee wetu hana sababu ya kwenda nao kaburini.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka wetu, yakalishika eneo la kaskazini ya mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Nchi ikaita watu wake: wanajeshi, JKT, mgambo, polisi, magereza. Wakapigana Mutukula, Masaka na Lukaya, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule alizaliwa mwaka 1958. Leo ni babu, na wapo wanaonisikiliza hivi sasa.

Familia nyingi zinamfahamu mzee wa aina hii. Mchana hana neno. Anapalilia viazi vyake, anahudhuria msiba, anatania na wajukuu. Usiku anaruka kitandani akipiga kelele, shuka limelowa jasho. Kwenye kikao cha ukoo anachagua mahali pa kukaa anapouona mlango. Pikipiki ikipiga mlipuko barabarani, yeye tayari yuko chini. Habari za vita zikianza redioni anaizima, au anatoka nje. Mkewe amezoea kumwamsha kwa mbali, kwa kumwita jina, kwa sababu siku aliyomgusa bega alikabwa shingo. Sisi pembeni tunasema mzee ana hasira, mzee pombe imemzidi, mzee amerogwa. Yeye mwenyewe hasemi kitu.

Ugonjwa huu uliingia rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliorudi kutoka Vietnam kupaza sauti wasikilizwe. Tangu hapo umetafitiwa sana, na leo hutambuliwa kwa maswali. Lipo dodoso la maswali 20, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 4, kuhusu hali ya mtu katika mwezi uliopita. Lipo na fupi la maswali matano, lililotengenezwa kwa ajili ya kliniki za kawaida ambako daktari wa akili hayupo. Haya matano nitayaeleza polepole, kwa maneno yetu.

Mtu aliyepatwa na jambo la kutisha anaulizwa, katika mwezi uliopita: Je, umeota ndoto mbaya za jambo lile, au limekujia kichwani bila wewe kutaka? Je, umejitahidi usilifikirie, au umekwepa mahali na vitu vinavyokukumbusha? Je, umekuwa macho muda wote, ukishtuka kwa kitu kidogo? Je, umejiona umekufa ganzi, uko mbali na watu au na shughuli zako? Na la tano: je, umeshindwa kuacha kujilaumu, au kuwalaumu wengine, kwa yaliyotokea?

Mwenye kujibu ndiyo mara tatu au zaidi hatujasema kwamba ni mgonjwa. Tunasema apelekwe akapimwe vizuri. Maswali haya hayagharimu sindano wala kipimo cha damu. Hata hivyo mzee anapofika zahanati akilalamika kichwa na kukosa usingizi, mara nyingi atapimwa malaria, atapimwa presha, atapewa dawa ya maumivu. Kwamba aliwahi kuzika wenzake Uganda, hilo haliulizwi.

Najua kuna atakayesema: ndugu mtangazaji, vita viliisha 1979, muda umekwisha kuponya. Utafiti unakataa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia askari wao waliopigana Vietnam, miaka 40 na zaidi baada ya vita vyao. Walikadiria kwamba wazee wapatao 271,000 bado walikuwa na ugonjwa huu, ama kamili, ama dalili zake zisizofikia kiwango kamili. Hawa ni watu wenye pensheni na hospitali zao maalumu. Kama kwao miaka 40 haikutosha, tusimwambie mzee wa hapa kwetu Mgeta kwamba yake imetosha.

Sasa tuje kwenye tiba, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana habari njema imetoka kwa majirani zetu.

Miaka ya 2000, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, pamoja na wenzao wa Uganda, walikuwa wakiijaribu tiba ya kusimulia maisha katika kambi za wakimbizi. Wazo lao ni hili. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe na mahali pake. Kumbukumbu ya hofu kuu hubaki vipande vipande: harufu ya moshi, kelele, baridi ya matope, moyo kwenda mbio. Haina tarehe, ndiyo maana ikirudi mtu huiona inatokea sasa hivi. Tiba ni kumsaidia mgonjwa aipange upya, mpaka akili ikubali kwamba lile lilitokea pale, siku ile, na limepita.

Inavyofanyika ni hivi. Katika vikao vya mwanzo, kamba inatandazwa sakafuni. Ncha moja ni siku ya kuzaliwa. Ncha ya pili inaachwa imekunjwa, kwa kuwa maisha bado yanaendelea. Mgonjwa anaweka maua kwa kila jambo jema: ndoa, mtoto, mavuno. Anaweka jiwe kwa kila jambo baya. Kwa aliyewahi kushika silaha, anaweka na vijiti kwa yale ambayo yeye mwenyewe aliwatenda wengine. Kisha kikao hadi kikao wanatembea juu ya kamba ile, kwa mpangilio. Wakifika kwenye jiwe hawaliruki. Mshauri anauliza: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulifanyaje, na sasa hivi unaposimulia mwili unafanyaje? Anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea mgonjwa simulizi yake, wanarekebisha, wanaendelea. Mwisho mgonjwa anakabidhiwa maisha yake yote yakiwa kwenye maandishi.

Matokeo yalipimwa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia waligawanywa kwa bahati nasibu, ili asiwepo wa kuchaguliwa kwa upendeleo. Kundi moja lilipata tiba ya kusimulia, la pili ushauri wa aina nyingine, la tatu lilifuatiliwa tu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika kundi la kusimulia takribani watu 70 kwa kila 100 hawakuwa tena na ugonjwa. Kundi la ushauri lilifikia 65. Kundi lililoachwa bila tiba lilikuwa na 37. Na waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao, waliofundishwa kazi hiyo wakasimamiwa.

Mwaka 2011 ukatoka utafiti wa kaskazini mwa Uganda, kwa vijana 85 waliowahi kutekwa na kufanywa askari wangali watoto. Vikao vilikuwa vinane, nyumbani kwao, na washauri walikuwa watu wa maeneo yale yale. Waliosimulia maisha yao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa masomo na ushauri wa kawaida, na kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, tiba hiyo ilirekebishwa kwa ajili ya wapiganaji walioweka silaha chini, ambao nafsi zao zilibeba hofu pamoja na mazoea ya kuua.

Goma haiko mbali na sisi. Tangu 2013 vijana wa JWTZ wamehudumu katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo. Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa. Askari 14 wa Tanzania waliripotiwa kuuawa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliofariki tuliwalilia. Walionusurika wana wake, wana watoto, na wana usiku wa kulala.

Nitoe na tahadhari, maana utafiti pia hutuzuia kukosea. Kumkalisha mtu siku moja akamwage yote kisha kumwacha, bila aliyefunzwa na bila mwendelezo, si tiba. Kumzoesha vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam hakushauriwi kwa ugonjwa huu. Hata dawa iliyosifiwa sana kwa jinamizi, prazosin, ilipopimwa kwa askari wastaafu 304 wa Marekani, matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba inashinda kidonge kisicho na dawa. Ndiyo faida ya kupima: sifa peke yake haitoshi.

Na matambiko? Siyadharau. Kumrudisha mtu katika ukoo, kumwosha damu ya vita mbele ya wajomba na wapwa, kunampa mahali pa kusimama. Familia ikitaka kufanya hivyo, ifanye. Ila tambiko lisiwe sababu ya kumzuia kwenda zahanati. Viwili hivi vinaweza kwenda pamoja.

Na vita si vigeni hapa: milima yetu hii ya Mgeta imewahi kuvibeba bila kuulizwa, katika Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia Septemba 1916 hadi Januari 1917 mto Mgeta ulikuwa ndio mstari kati ya majeshi ya Smuts, upande wa Waingereza, na ya Lettow-Vorbeck, upande wa Wajerumani. Askari na wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa risasi, njaa na magonjwa, na waliorudi makwao walirudi na vyao moyoni. Kizazi kile hakikuwa na tiba hii. Sisi tunayo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, zahanati na vituo vya afya vya wilaya yetu ya Mvomero vianze kuuliza maswali yale matano kwa kila aliyepita jeshini au mgambo. Mkoa wetu hauanzi kwenye sifuri: miaka ya 1980 Morogoro na Kilimanjaro ndiyo ilikuwa mikoa ya majaribio ya mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ili huduma ifike mpaka zahanati. Turudi pale.

La pili, serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Baadhi yao wafundishwe tiba ya kusimulia na wasimamiwe na wataalamu. Mkimbizi wa Nakivale aliweza. Kijana wetu wa Langali ataweza.

La tatu, vyuo vyetu vipime matokeo kwa wazee wetu wenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiluguru, ili tujue kinachofaa hapa.

Nawe msikilizaji una sehemu yako. Kama una baba, mjomba au babu aliyepita vitani, usimlazimishe kusimulia. Muulize analalaje. Kama majibu yanafanana na uliyoyasikia leo, mwambie kwamba anachougua kina jina na kina tiba, kisha fuatana naye kituo cha afya, umweleze mganga kwamba mzee huyu alikuwa vitani. Akienda peke yake atasema ni kichwa tu. Ukiwa naye, litasemwa.