Asilimia Nne ya Nani?

Takwimu za Ukimwi tumezizoea kama bei ya sukari. Zikitangazwa tunaguna, kisha kila mtu anashika njia yake. Leo nakuomba tuzitazame kidogo.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Tanzania mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wenye virusi vya Ukimwi walikuwa kama 4. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haina kwao. Njombe walikaribia 13. Kigoma hawakufika 2. Sasa mtu aliyekabidhiwa shehena ya vipimo akiigawa sawasawa kwa kila mkoa, eti wote ni Watanzania, atakuwa ametenda haki ya mdomoni tu.

Lakini asilimia nayo ina hila zake. Katika sensa ya mwaka 2022 Njombe haikufikisha watu milioni 1, na Dar es Salaam ilipita milioni 5. Kwa hiyo wagonjwa wa kuhudumiwa ni wengi zaidi Dar es Salaam, ingawa asilimia ya Njombe ndiyo inayotisha. Mpangaji anayesoma safu moja ya jedwali atakosea, hata kama safu yenyewe haina kosa.

Utafiti huo ulisema na jambo jingine, ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Katika kila watu wazima 100 wenye virusi, waliojua hali zao walikuwa kama 83. Waliojua, karibu wote walikuwa wakitumia dawa, na wengi mno kati ya hao virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Maana yake dawa zinafanya kazi. Tatizo liko mlangoni, kwa wale wasiojijua, na humo wanaume wako nyuma ya wanawake. Mama mjamzito hupimwa kliniki. Baba yake mtoto atapimwa wapi?

Niliwahi kukaa na muuguzi mmoja katika zahanati ya vijijini, penye mashamba makubwa, akijaza daftari la waliopimwa. Nikamwuliza, "Sista, hesabu hizi huenda wapi?"

"Huenda wilayani, kaka. Sijaona zikirudi."

Akanifunulia kurasa za nyuma. Vipimo alikuwa akiletewa mwanzo wa mwezi, na kufikia tarehe 20 vimekwisha. Wanaume wa mashambani walikuwa wakija baada ya tarehe 25, wakishalipwa mishahara yao. Aliowaambia warudi mwezi ujao alikuwa akiwawekea alama ndogo ya kalamu nyekundu pembeni, kwa hiari yake, kwani fomu haikuwa na nafasi ya kuwaandika. Kwa mwezi ule nilihesabu alama 17.

"Wamerudi wangapi?" nikamwuliza.

Akafunga daftari. "Wawili, kaka."