Mtoto Akiachwa na Mpenzi: Neno la Kwanza la Mzazi

(Mazungumzo kwa wazazi na walezi, baraza la likizo ya shule)



Kila likizo kuna kijana anayerudi nyumbani akiwa si yule aliyeondoka. Chakula anakigusa tu. Mchana kutwa amelala. Mama anadhani ni malaria, baba anadhani ni uvivu. Kumbe mtoto wa kidato cha tatu ameachwa na mpenzi wake.

Mzazi akigundua, swali la kwanza huwa: nani alimruhusu kuwa na mpenzi? Ni swali la haki, na lina siku yake. Likiulizwa siku ya kwanza, mtoto anasikia jambo moja tu: nyumbani hakuna wa kuambiwa. Aliyefokewa kwa hili hatarudi na jambo kubwa zaidi.

Kwa mtu mzima, hayo ni mambo ya utotoni yatakayopita. Kwa kijana wa miaka 16 ni mara ya kwanza. Bado hajaumia moyo akaona maumivu yakipungua. Tena sehemu ya ubongo inayosaidia kutuliza hisia na kupima matokeo huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20.

Basi mzazi afanye nini? Amwite wachambue sukuma wiki pamoja, au wakate majani ya ng'ombe. Vijana huongea kwa urahisi mikono ikiwa na kazi. Aseme, "Naona kuna jambo linakuumiza. Niko hapa." Kisha anyamaze. Asimtukane yule mwenzake, maana wakirudiana kesho, mtoto hatasema tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ni kweli, lakini methali hiyo ingoje wiki ya pili. Usiku simu ibaki sebuleni, ili asikeshe akifuatilia picha za aliyemwacha. Mvulana naye asiambiwe ajikaze kiume. Machozi anayoyazuia huenda yakatoka kama ngumi.

Kama mpenzi wa zamani anatishia kusambaza picha za faragha, mtoto asilipe wala asifute ujumbe. Huo ni ushahidi. Kusambaza picha hizo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Mzazi aende naye kituo cha polisi.

Ziko dalili zisizongoja: kugawa vitu anavyovipenda, kuaga watu, kusema hana haja ya kuishi. Mzazi amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi familia zilificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hospitalini mtoto anapokelewa kama mgonjwa.

Nambari 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Mtoto anaweza kuipiga, na mzazi pia.

Mapenzi ya kwanza huisha. Mlango wa mzazi ubaki wazi.