Dalili ya Mvua ni Mawingu: Mama Mja Mzito Asicheleweshwe



Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa bonde la Ruvu aonapo wingu zito limetanda hangoji matone, bali huanua nafaka yake mapema. Lakini mawingu yanapotanda juu ya mama mja mzito, mara nyingi watu wa nyumbani huketi wakangoja. Kungoja huko ndiko kunakoua.

Kata ya Makurunge, wilayani Bagamoyo, ni nchi ya watu wanaoishi kwa jasho lao. Wapo wakulima, wafugaji, wavuvi, wachoma mkaa, watu wa mashamba ya chumvi na, katika miaka ya karibuni, vibarua wa shamba la miwa lililoanzishwa katika ardhi iliyokuwa ranchi ya RAZABA. Kazi hizo huwatoa wanaume nyumbani kwa siku nyingi. Barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata imefupisha safari ya kwenda hospitali, lakini si kila kitongoji kiko kando ya lami, na masika yakishika, njia za ndani hugeuka matope.

Na uchukuliwe mfano wa mama wa kitongoji cha ndani, mwenye mimba ya kwanza ya miezi minane. Jumatatu anasema kichwa kinamgonga. Anaambiwa ni jua. Jumanne uso na mikono imevimba. Anaambiwa ndivyo mimba ilivyo. Jumatano anaona vimulimuli machoni na kusikia maumivu chini ya chembe ya moyo. Mumewe yuko dago, na mama mkwe hathubutu kumtoa nyumbani bila ya idhini ya mwanawe. Usiku mama anaanguka, anatetemeka mwili mzima na kuuma ulimi. Majirani wanasema amepandwa na pepo, aitwe mganga. Kunapambazuka ubani umekwisha, naye hajapata fahamu.

Mama huyo ana kifafa cha mimba. Maradhi haya huanza kimya kimya, kwa kawaida baada ya wiki ya 20 ya mimba. Presha hupanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Mwenye presha hiyo aweza kujiona mzima kabisa, na kwa sababu hiyo kliniki humpima kila anapohudhuria, hata kama halalamiki. Dawa ya kuzuia kifafa hicho ipo, tena ni ya bei nafuu. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 33 na kuwahusisha akina mama zaidi ya 10,000. Ulithibitisha kwamba magnesiamu salfeti huipunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu kwa wale ambao presha yao imepanda namna hiyo. Lakini dawa hiyo hutolewa na wauguzi na waganga wenye ujuzi, nayo haimfuati mgonjwa kitandani kwake.

Yapo na mawingu mengine. Damu kutoka ukeni kabla ya uchungu, hata ikiwa haina maumivu, yaweza kuwa ishara kwamba kondo la nyuma limekaa mahali pasipofaa au limeanza kubanduka. Homa kali yaweza kuwa malaria, ambayo humpunguzia mama damu na kumdhoofisha mtoto tumboni. Weupe wa viganja, kuishiwa pumzi na moyo kwenda mbio ni dalili za upungufu wa damu, na mama wa namna hiyo akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, saa chache tu zatosha kumpoteza. Maji kutoka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza, na uchungu kukesha na kushinda bila mtoto kuzaliwa, yote ni mambo ya kupelekwa hospitali mara moja. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kuwa mzazi hupotea kwa ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa tatu ni dhamana ya zahanati na hospitali, na wananchi wana haki ya kuuhoji. Wa pili umeanza kupatiwa dawa, kwa kuwa upo mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga, ambao huitwa kwa simu namba 115 bila malipo. Wa kwanza umo ndani ya nyumba, na hauondolewi kwa gari wala kwa sindano. Huondolewa kwa elimu.

Kazi ya namna hiyo si ngeni nchini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana na kisha wakatenda. Matunda ya juhudi za miaka mingi yanaonekana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo, katika kitongoji ambako mama amezikwa jana, hesabu hiyo haimfuti mtu machozi.

Basi mwalimu na mtumishi wa umma wana wajibu wao. Mtendaji wa kijiji ahakikishe kwamba namba 115 inajulikana katika kila nyumba yenye mja mzito, na kwamba njia ya kumfikisha barabarani wakati wa masika imefikiriwa kabla ya masika. Katika mikutano ya kijiji wanaume waambiwe wazi kuwa idhini hutolewa mapema: anayekwenda dago au tanurini aache neno na akiba ya fedha, ili mkewe apelekwe hospitali bila kumngoja. Wakunga wa jadi wasidharauliwe. Wafundishwe dalili hizi, wawe wa kwanza kumsindikiza mama. Watu wazima wenye afya njema wahimizwe kuchangia damu, maana damu ya kumwokoa mzazi haitengenezwi kiwandani.

Mwalimu ana jambo moja zaidi. Wasichana wadogo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba kuliko wanawake waliokomaa, nao ndio wanaoficha mimba na kuikwepa kliniki kwa hofu ya aibu. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Mwalimu anayemshauri msichana kwa upole ahudhurie kliniki mapema, badala ya kumsimanga mbele ya wenzake, huenda akawa ameokoa roho mbili.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini uchungu wa kumpoteza mzazi huyo huwapata mume, watoto, shule na kijiji kizima. Usiku ambao mama wa Makurunge ataanguka akitetemeka, na apatikane mtu mmoja nyumbani mwake atakayesema: haya si mapepo, pigeni simu. Mtu huyo hatazuka mwenyewe. Atakuwa amefundishwa na mwalimu wake, au amemsikia mtendaji wake mkutanoni.