Chombo Kipya na Kigoda cha Mzee

Ndugu wasikilizaji, leo naomba nizungumzie jambo ambalo wengine wataliona ni anasa: kupiga picha za nyota.

Kwa miaka kadhaa kazi hii nimeifanya kwa kamera ya kawaida. Tatizo ni kwamba dunia haitulii. Inajizungusha nyuzi 15 kila saa, nasi tunaona kama nyota ndizo zinazokwenda. Kwa lenzi ya milimita 50, kamera ikibaki wazi kupita sekunde 10 hivi, nyota hazitoki nukta tena, hutoka michirizi. Na kwa sekunde 10 mwanga hafifu wa Njia Nyeupe hautoshi. Basi nikadunduliza, nikanunua chombo chenye mota kinachoigeuza kamera polepole ili iende sawa na nyota.

Usiku mmoja wa Juni, mwezi haupo, nilikwenda kukijaribu kijijini, nje ya mji wa Dodoma, mbali na taa. Sijamaliza kusimamisha miguu mitatu ya chombo, akaja mzee na tochi yake na kigoda. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza: "Mwanangu, shamba hili unampimia nani?"

Ndugu wasikilizaji, niliona haya. Mji umepanuka, na watu wa vijijini wamekwishaona vyombo vya miguu mitatu vikisimamishwa mashambani. Baada yake huja vigingi, na maneno ya fidia. Nami nilikuwa nimeingia shamba la mtu usiku bila hodi. Nikaomba radhi, nikaeleza kazi yangu. Hakuniamini. Akakalia kigoda chake, akasema: "Haya, fanya. Nakutazama."

Hapo ndipo chombo kiliponiumbua. Ili kifuate nyota, mhimili wake sharti uelekee ncha ya anga. Kitabu chake kinasema itafute Nyota ya Kaskazini. Lakini Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, na huku nyota hiyo haionekani. Inatubidi tutumie ncha ya kusini, nayo iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, wala haina nyota angavu ya kuionyesha. Kishikizo changu kilikataa kushuka chini ya nyuzi 20.

Nilihangaika hata mzee akachoka kunitazama. "Kama kinatazama juu mno," akasema, "si ukiinue nyuma?" Akasimama, akanipa kigoda. Nikakiweka chini ya mguu wa upande wa kaskazini, nikapima kwa simu, nikarekebisha mpaka zikawa nyuzi 6. Mwelekeo nikautafuta kwa Msalaba wa Kusini: urefu wake, ukiuendeleza chini mara nne na nusu, unakufikisha kwenye ncha.

Picha ya kwanza ilitoka michirizi. Ya pili vilevile. Ya tatu niliacha kamera wazi dakika mbili nzima, muda ambao anga husogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Nyota zikatulia kama punje za mtama, na karibu na mkia wa Nge yakaonekana mawingu meusi ya vumbi.

Mzee aliitazama sana. Kisha akauliza: "Na Kilimia kiko wapi?" Nikamjibu kwamba mwezi huu huchomoza alfajiri. Akacheka. "Najua. Nilitaka kuona kama wewe unajua."

Tangu hapo akaniamini.

Ndugu wasikilizaji, duka huuza chombo, haliuzi ujuzi wa mahali. Anayekwenda na chombo kipya kwa watu, cha nyota au cha kilimo, aanze kwa hodi na aendelee kwa kuuliza. Kuuliza si ujinga. Picha ile nimeichapisha, nikampelekea mzee. Kigoda aliniachia, lakini nami nilikirudisha.

Kwaherini hadi juma lijalo.