Makao ya Wazee Waliokuwa Askari: Nani Alipe, na Nani Atazame

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati iliniagiza nichunguze jambo ambalo limeletwa na wanachama mara kwa mara, nalo ni hili: je, yafaa Chama chetu kiiombe Serikali ijenge makao ya kuwauguza wazee waliotumika jeshini, wale walioishiwa na nguvu na ambao hawana mtu wa kuwatunza? Tena, kama yafaa, fedha za kuyaendesha makao hayo zitatoka wapi? Nimeona ni vema kuwaeleza habari za nchi moja iliyoifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 150, yaani Marekani, ili tujifunze katika mema yake na katika mabaya yake pia.

Jambo hili si geni kwetu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, watu wa nchi hii walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, na jina la mtaa wa Kariokor katika mji wa Nairobi latokana na kikosi chao. Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa K.A.R. walifika hadi misitu ya Burma. Tangu Uhuru, vijana wetu wametumika katika jeshi la taifa, nao pia wanazeeka. Katika Barabara ya Kenyatta zasimama sanamu za shaba za askari na mpagazi, nazo twazitazama kwa heshima. Lakini sanamu haili wala haiugui. Mzee aliye hai hula, huugua, na usiku huhitaji mtu wa kumgeuza kitandani.

Najua ya kwamba wako wazee humu watakaosema kuwa kumpeleka mzazi katika nyumba ya Serikali ni aibu kwa watoto wake. Neno hilo nalistahi. Mahali pa mzee ni kwake, kati ya wajukuu wake, na hakuna nyumba ya Serikali inayoweza kumpa kitu hicho. Lakini yako maradhi yanayoshinda nguvu za nyumbani. Yuko mzee aliyepoteza kumbukumbu, ambaye hutoka usiku na kupotea njia. Yuko aliyepooza, ambaye mkewe naye ni kikongwe asiyeweza kumwinua. Yuko ambaye watoto wake wamekufa mbele yake. Makao ninayoyasema ni ya hao, wala si ya kuwaondolea vijana wenye nguvu wajibu wao.

Sasa niwaeleze jinsi Marekani walivyofanya. Nchi hiyo ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1861 hadi 1865, na vita vile vikaacha vilema wengi. Mwaka 1864, kabla vita havijaisha, makao yalianzishwa katika jimbo la Connecticut kwa ajili ya askari na mayatima wao. Baadaye majimbo mengine yakafuata, kila moja likiwajengea watu wake. Majimbo yalipolemewa na gharama, Serikali Kuu ya Marekani ilikubali mwaka 1888 kuyasaidia kwa dola 100 kwa mwaka kwa kila askari aliyetunzwa. Huo ndio mwanzo wa mapatano ambayo yamedumu hata leo: jimbo ndilo mwenye nyumba na ndilo liendeshalo, bali Serikali Kuu, ambayo ndiyo iliyowapeleka watu vitani, huchangia. Leo yako makao zaidi ya 150 ya namna hii, katika majimbo yote 50.

Sikilizeni basi jinsi fedha zinavyopatikana, maana hapa ndipo penye mafunzo. Chungu chao kina mafiga matatu.

Figa la kwanza ni ruzuku ya Serikali Kuu. Katika kujenga, Serikali Kuu yaweza kutoa hadi asilimia 65 ya gharama, na jimbo halina budi kutoa asilimia 35 iliyobaki. Katika kuendesha, Serikali Kuu hulipa kiasi fulani kwa kila askari kwa kila siku anayolala humo, lakini malipo hayo ya kawaida hayawezi kupita nusu ya gharama ya kumtunza. Askari ambaye ulemavu wake ulitokana na utumishi wake, na umepimwa kuwa asilimia 70 au zaidi, huyo hulipiwa kwa kipimo kikubwa zaidi, na makao hayaruhusiwi kumdai yeye wala jamaa zake kitu juu ya hapo.

Figa la pili ni hazina ya jimbo, yaani kodi ya wananchi wa hapo, ambayo Bunge la jimbo huipima katika makadirio yake.

Figa la tatu ni mchango wa mzee mwenyewe kutoka katika pensheni yake au akiba yake, kwa kadiri ya uwezo wake. Mchango huu humpa mzee sauti, maana aliyechangia chungu ana haki ya kuuliza kimepikwa nini.

Tena kuna masharti. Jimbo lililojengewa kwa fedha za Serikali Kuu likigeuza nyumba hiyo kuwa kitu kingine kabla ya miaka 20 kupita, laweza kudaiwa kurudisha fedha. Hali kadhalika, robo tatu ya wakaaji lazima wawe askari wa zamani, na nafasi zinazobaki huweza kupewa wake au waume zao, na wazazi waliofiwa na watoto wao jeshini. Mabibi mlio hapa, neno hili litieni moyoni. Mke aliyemtunza mumewe miaka 50 hatenganishwi naye mlangoni.

Ndugu zangu, kujenga ni kazi ya mwaka mmoja au miwili, lakini kuendesha ni kazi ya kila usiku. Sheria ya Marekani yataka kila mgonjwa wa makao hayo apate muda wa uuguzi usiopungua saa mbili na nusu kila siku, siku saba za juma. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni hesabu, basi na tuhesabu pamoja. Tuseme tuna nyumba ndogo yenye wazee 40. Saa mbili na nusu mara 40 ni saa 100 za uuguzi kila siku. Mtu mmoja akifanya kazi saa nane, twahitaji watu 12 na nusu kwa siku. Kwa kuwa wazee huugua hata Jumapili, na mfanyakazi hupumzika siku mbili katika juma, twahitaji watu kumi na wanane katika orodha ya mishahara, kabla hatujahesabu likizo, wala ugonjwa wa wafanyakazi wenyewe. Na hapo hatujamtaja mpishi, dobi, dereva, mlinzi, wala karani wa kuandika hesabu hizo. Chakula, dawa, maji na umeme navyo bado.

Sasa linganisheni na yale tuliyo nayo. Katika mpango wa Inua Jamii, Serikali imewapa wazee waliofikia miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Tukichukua fedha hizo zote za wazee wetu 40, zitakuwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Kila mmoja wenu aliyepata kulipa mishahara na agawanye mwenyewe fedha hizo kwa watu kumi na wanane, naye ataona ya kwamba hazitoshi hata kidogo. Sisemi hivi ili kuwavunja moyo. Nasema ili mtu asije akasimama katika mkutano huu na kusema kuwa tukichanga mabati na saruji kazi imekwisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena kuna jambo zito kuliko fedha, nalo ni kutazama. Katika jimbo la Massachusetts kuna makao ya askari katika mji wa Holyoke, yaliyofunguliwa mwaka 1952. Nyumba ilikuwapo, jimbo lilikuwa likilipa, na wakaguzi walikuwapo. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia humo, wafanyakazi walikuwa wachache. Kwa sababu ya uchache huo, tarehe 27 Machi wakuu waliamua kuunganisha sehemu mbili za wazee waliopoteza kumbukumbu, wagonjwa na wasio wagonjwa wakawekwa pamoja, hata wazee 42 wakawa katika nafasi iliyozoea kubeba watu 25. Wazee wasiopungua 76 walikufa kwa ugonjwa huo katika makao yale. Walikuwa wameponea vitani, wakaja kufa kwa sababu ya orodha fupi ya wafanyakazi na uamuzi mbaya.

Gavana wa jimbo alimteua mwanasheria Mark Pearlstein afanye uchunguzi, na taarifa yake ilitolewa mwezi wa Juni mwaka huo huo. Ilionyesha ya kwamba msimamizi wa makao alikuwa ofisa wa jeshi wa zamani ambaye hakuwa na ujuzi wa kuongoza nyumba ya uuguzi, na kwamba waliokuwa juu yake hawakumsimamia ipasavyo. Mwaka 2021 jimbo hilo liliidhinisha mkopo wa dola milioni 400 wa kujenga makao mapya, na mwaka 2022 likakubali kulipa dola milioni 56 kwa ajili ya wazee wale na jamaa zao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mishahara ya wauguzi ambayo haikutolewa kwa wakati wake imelipwa mara nyingi zaidi baadaye, na bado hakuna mzee hata mmoja aliyerudi.

Yatupasa kuliangalia sana jambo la msimamizi yule. Sisi hupenda kumpa cheo mtu mwenye heshima, na mtu aliyekuwa na nyota mabegani hana budi kuheshimiwa. Lakini mgonjwa haponywi kwa saluti. Askari mzee na aheshimiwe, na akae katika baraza la kushauri, bali ufunguo wa nyumba ya wagonjwa apewe mtu aliyesomea kazi hiyo.

Basi kwetu mambo yakoje? Nchi yetu ilikwisha kutunga Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, kwa hiyo hatubishi hodi katika nyumba isiyo na mlango. Ila kuna swali ambalo lazima tuliulize mapema. Ulinzi wa nchi ni kazi ya Serikali Kuu, lakini chini ya Katiba ya 2010 sehemu kubwa ya huduma za afya ni kazi ya Serikali za Kaunti, ambazo ni 47. Makao ya kuwauguza askari yana mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Tusiposema wazi tangu mwanzo nani atalipa nini, Serikali Kuu itasema ni ugonjwa, nayo Kaunti itasema ni jeshi, na mzee atalala njaa katikati ya barua mbili.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mashauri matano mbele ya Mkutano huu.

Kwanza, barua yetu kwa Serikali isiombe nyumba tu. Iombe fungu la kila mwaka la kuiendesha, lililoandikwa katika sheria, lenye sehemu ya Serikali Kuu na sehemu ya Kaunti zikitajwa mbalimbali.

Pili, idadi ya wauguzi kwa kadiri ya wagonjwa iandikwe, na nyumba isipokee mgonjwa mpya siku ambayo wauguzi hawatoshi.

Tatu, msimamizi awe mtu mwenye elimu ya uuguzi au ya uongozi wa hospitali.

Nne, wakaguzi wafike bila kutoa habari, na taarifa yao isomwe hadharani mbele ya jamaa za wazee.

Tano, wake na wajane wasisahauliwe.

Na wakati tunaposubiri majibu, iko kazi isiyohitaji ruhusa ya mtu. Tuandike daftari la askari wazee wote wa sehemu zetu: jina, kikosi, miaka ya utumishi, ugonjwa alio nao, na nani anayelala naye nyumba moja. Kila tawi na lichague watu wawili wa kuwatembelea mara moja kwa mwezi. Daftari hilo litatuonyesha ni wangapi wanaoweza kutunzwa kwao wakipata msaada kidogo, na ni wangapi ambao hawana njia nyingine. Serikali ikituuliza hao wazee ni wangapi, nasi tukajibu kuwa ni wengi tu, barua yetu itawekwa kando. Tukijibu kwa majina, itakuwa vigumu kuiweka kando.

Wazee wangu, wako kati yenu waliovaa sare ya nchi hii, na wako waliozaliwa na wale walioivaa. Hawakuuliza siku ile nani atalipa. Sisi tuliobaki nyumbani ndio inaotupasa kuuliza swali hilo kwa ajili yao, na kuliuliza kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Nayaacha mashauri haya mikononi mwa Mkutano.